Shimo la Gurudumu la Kushoto

Ndege yangu ilikuwa ya plastiki, ndogo mara thelathini na mbili kuliko ile ya kweli, lakini ukiipima kwa mkono wangu ilianzia kwapani ikaishia kwenye ncha za vidole. Ilikuwa Phantom, ile ya kivita yenye viti viwili, ambayo jeshi letu la anga liliirusha hadi ikazeeka. Niliijenga misimu miwili ya baridi kwenye meza ya jikoni kwetu katika mji wa Shimizu, na baba yangu alikuwa ameketi upande wa pili akiniambia ilivyokuwa.

Yeye ndiye aliyeijua. Tulipokuwa tunaishi kaskazini, mimi bado mdogo, alikuwa fundi wa ndege hizo. Ndivyo alivyoniambia.

Niliacha shule nikiwa darasa la tano. Hakukuwa na kisa kikubwa. Asubuhi moja nilikaa mlangoni nivae viatu, mikono ikakataa, na kesho yake ikakataa tena. Walimu walikuja nyumbani, kisha wakaacha kuja. Mama alikuwa akitoka mapema kwenda kiwanda cha samaki wa makopo, baba akienda kulinda maegesho ya supamaketi, na mimi nikibaki chumbani na mlango umefungwa. Kwa muda mrefu nyumba ile haikusikia sauti yangu ila nikikohoa.

Siku moja baba aliweka sanduku dogo la ndege ya plastiki mbele ya mlango wangu, karibu na trei ya chakula. Sikumwambia asante. Nilipoimaliza niliiweka pale pale kwenye trei pamoja na bakuli tupu. Akaleta nyingine. Tuliendelea hivyo, yeye analeta na mimi narudisha, mpaka jioni moja nilipotoka chumbani nimeshika picha ya Phantom.

"Baba," nikamwuliza, "hii uliwahi kuigusa?"

Walikuwa wanakula. Mama aliacha kijiko ndani ya sufuria ya supu. Baba akaweka vijiti vyake chini taratibu, akamtazama mama, kisha akanitazama mimi.

"Kuigusa?" akasema. "Mwanangu, hiyo nimelala chini yake."

Basi tukaanza. Yeye mwenyewe alikwenda kwa Bwana Osada, mwenye duka la vifaa vya ujenzi wa ndege ndogo na vifaru vidogo vya kivita, akarudi na sanduku kubwa kama mlango wa kabati. Ndani mlikuwa na vipande vingi vya plastiki ya kijivu, lakini kwa watu wa kazi hii sanduku ni mwanzo tu. Kiwanda kinakupa umbo. Mengine unayaongeza wewe: mikanda ya viti iliyokatwa kwenye bati jembamba, nyaya nyuma ya dashibodi, ribiti za mwili mzima, yaani alama za misumari ya bati, unazozitoboa kwa kigurudumu chenye meno ukihesabu pumzi usije ukateleza. Nilitumia nyaya laini za madini ya risasi kutengeneza mabomba ya mafuta. Nilivaa miwani ya kukuza mpaka ikaniachia alama puani.

Na kila bomba lilikuwa na neno la baba. Alisema, hapa palikuwa pakivuja, kwa hiyo pana doa la kahawia. Alisema, kifuniko hiki kilitoka kwenye ndege nyingine, kijivu chake ni tofauti kidogo. Nilikuwa nikichanganya rangi naye akitikisa kichwa. "Bado. Iwe kama maji uliyooshea mchele." Nikaongeza tone. "Hapo."

Kisa nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha bomba lililopinda. Alikisimulia mara nyingi nami sikumkatiza hata mara moja. Ilikuwa Februari, baridi kali, yeye amelala chali ndani ya shimo la gurudumu, pale gurudumu linapojikunja ndege ikipaa. Vidole vilikufa ganzi. Spana ikamponyoka, ikagonga bomba, bomba likapinda kama kiwiko. Aliogopa kufukuzwa kazi. Mkuu wake akaingia na tochi, akalipapasa, akasema halivuji, liache. Tangu hapo baba akalitia tone la rangi nyekundu, na kila asubuhi kabla ya kitu kingine alilitazama lile tone. "Kama mtu anavyomtazama mtoto mgonjwa," alisema.

Nilipofika kwenye bomba hilo, ndege ilikuwa imelala tumbo juu kwenye taulo, mkia ukiwa upande wa baba. Nilimwuliza ni shimo lipi. Akanyoosha kijiti chake cha chakula akagusa lile lililokuwa karibu na mkono wake wa kushoto.

"La kushoto. Hili."

"Hilo kweli, baba?"

"Utanifundisha ndege niliyolala chini yake? Chapa kazi, we."

Mama alikuwa anaosha vyombo. Nilimsikia akicheka kidogo, nami nikacheka. Nikalikunja bomba, nikaweka tone jekundu kwa ncha ya kijiti cha meno.

Ilipokwisha, Bwana Osada alikuja kuiona. Aliizunguka meza mara mbili.

"Hii inakwenda kwenye maonyesho ya Mei," akasema. "Itakaa meza ya klabu yetu. Nawe utakaa nyuma yake."

"Ichukue wewe, mjomba. Mimi siwezi kukaa."

"Mimi nikiichukua watu wataniuliza maswali, nitaongopa. Mzee kama mimi aongope mbele za watu?"

Baba ndiye aliyenishawishi. Alisema ndege bila fundi wake haisimami uwanjani. Kila meza huwa na kadi mbele ya kila kazi, na Bwana Osada aliiandika yangu kwa mwandiko wake mzuri: Iwashina Kozue. Chini yake, baba alimwomba aongeze mstari mmoja: Kwa kumbukumbu za Iwashina Shigemi, aliyekuwa fundi wa ndege hii.

Jumamosi ya maonyesho nilitapika asubuhi, kisha nikaenda. Ukumbi ulikuwa mkubwa kama soko la samaki, klabu kutoka kila mkoa, meza kwa meza zenye vitambaa vyeupe. Nilivaa barakoa, nikakaa nyuma ya ndege yangu, nikatazama magoti yangu. Kando yangu alikuwa Bwana Nakagome wa klabu yetu, ambaye hujenga vifaru tu.

"Nyie wa ndege mna raha," aliniambia. "Mnapaka mawingu. Mimi miaka ishirini napaka matope, mke wangu anasema hata nikioga sitakati."

Nilicheka ndani ya barakoa, naye aliona mabega yakitikisika.

Chini ya ndege nilikuwa nimeweka kioo ili tumbo lionekane. Watu waliinama wakatazama, wakasema "aa", wakaenda. Wengine walipiga picha. Kufikia mchana niliweza kuinua macho. Mtu akiuliza rangi, nilijibu kwa neno moja, kisha kwa mawili. Nilikuwa namuwazia baba, kwamba kesho ndiyo zamu yake ya mapumziko, atakuja aone nimekaa katikati ya watu na sijafa.

Ndipo alipokuja mzee mmoja mrefu, koti la mvua mkononi. Aliinama kwenye kioo. Hakuinuka. Alitoa miwani, akaifuta, akaivaa, akainama tena.

"Binti," akasema, "hili tone jekundu nani kakuambia?"

"Baba yangu."

"Na bomba kupinda?"

"Ni yeye aliyelipinda. Spana ilimponyoka. Februari."

Nilishangaa mwenyewe kusema maneno mengi hivyo. Yule mzee akasoma kadi. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwemo. Kisha akavuta kiti cha wageni, akaketi mbele yangu.

"Mimi naitwa Kuroiwa Tamotsu. Baba yako hajawahi kunitaja?"

"Hapana."

"Hapana," akarudia, kana kwamba amekubaliana nami. "Bomba hilo nililipinda mimi."

Nilidhani sijamsikia vizuri. Akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya kitambaa, akakunja vidole polepole, kimoja hakikukunjika.

"Baridi ya siku ile iliniachia hiki. Ndege ya namba hiyo uliyoandika mkiani, nilikaa nayo miaka kumi na moja. Doa la kahawia, kifuniko cha kijivu kingine, vyote nimeviona hapo. Umetengeneza vizuri mno. Nimesimama hapa nikadhani kuna mtu kaniingia kichwani. Kitu kimoja tu. Nilidhani kioo kinanidanganya. Bomba umeliweka shimo la kulia."

"Baba alisema la kushoto. Aligusa hapo."

"Ndege ilikuwa imepinduliwa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Aa. Sisi kushoto ni kushoto kwa rubani. Ulale chali, upindue ndege, usimame kwa kichwa, kushoto ni kule kule. Mtu hukosea hilo wiki yake ya kwanza, mkuu wake anampigia kelele, hakosei tena mpaka anakufa."

Nikamwuliza kama alimjua baba yangu.

"Shigemi? Namjua sana. Phantom ikitua inafungua parachuti nyuma ipunguze mwendo. Kuna watu wanaziokota uwanjani, wanazianika mnarani, wanazikunja upya. Shigemi alikuwa wa parachuti. Mnara wao ulikuwa na jiko la mafuta, sisi mafundi tulikuwa tukikimbilia huko kuota moto. Namsimulia, anakunja. Hajui kuchoka kusikiliza." Akaitazama tena kadi. "Na alikuwa anakunja vizuri. Rubani hawezi kutua bila mtu kama yule. Sijui kwa nini..."

Alisimama, akaniinamia kwa heshima ambayo mtu humpa mtu mzima mwenzake.

"Usimwambie nilikuja," akasema. "Au mwambie. Mimi sijui. Ndege yako ni nzuri, binti."

Bwana Nakagome alikuwa amejishughulisha na kufuta kifaru ambacho hakikuwa na vumbi.

Nyumbani baba alinisubiri mlangoni. "Enhe? Walisema nini?" Nikamwambia waliipenda. "Na lile bomba je? Waliliona?" Nikamwambia waliliona. Alipiga paja lake kwa furaha, akaenda kuoga akiimba.

Nilibaki na mama jikoni. Alikuwa anakata figili. Nilimwambia: "Baba alikuwa anakunja parachuti."

Kisu kilisimama, kisha kikaendelea.

"Nani kakuambia?"

"Kwa hiyo ulijua."

"Kozue, mimi ndiye niliyekuwa nikishona zilizopasuka, akizileta nyumbani."

"Ulikuwa hapa siku zote. Kila alipokuwa ananidanganya ulikuwa unaosha vyombo hapo hapo."

Mama aliweka kisu. Hakunigeukia.

"Mwaka mzima nilikuwa nikipita mbele ya mlango wako nasikiliza kama unapumua. Kisha siku moja ukatoka ukamwuliza swali. Nikasikia sauti yako humu ndani, jioni kwa jioni. Ungekuwa mimi ungesema nini? Alifanya kwa ajili yako."

Nilijua tu kwamba zile jioni, nilizodhani ni zangu na za baba, zilikuwa za mtu mwingine aliyekuwa akiota moto mnarani. Hata kicheko cha mama siku ile ya bomba, sasa nilikijua. Alikuwa anacheka kitu ambacho mimi sikukiona.

Jumapili baba alikuja ukumbini amevaa kofia ya kikosi chake cha zamani. Sikuwa nimewahi kuiona. Alisalimia kila mtu wa klabu, akampa Bwana Osada chai ya kwenye kopo, akasimama mbele ya meza yangu. Haikupita muda watu wakamzunguka, maana kofia ile huvuta watu mahali kama pale.

"Mzee, wewe ndiye fundi mwenyewe?" kijana mmoja mwenye kamera akauliza.

"Ndiye mimi. Inama uone. Hapo, tone jekundu. Ilikuwa Februari..."

Nikakisikiliza kisa kile toka mwanzo. Ganzi, spana, mkuu na tochi, mtoto mgonjwa. Aliguna mahali pale pale alipokuwa akiguna jikoni. Watu walisogea. Kijana wa kamera akasema, "Mpaka bomba kupinda kakumbuka," na baba akanielekezea mkono.

"Mwulizeni binti yangu. Nilimwambia kila kitu, au siyo?"

Wote walinitazama. Bwana Nakagome alinitazama pia, na yeye alikuwa anajua. Nilishusha barakoa kidogo ili nipumue.

"Ndiyo," nikasema. "Aliniambia kila kitu."

Nilipomwona amefurahi nikainuka, nikatoka kwenye mlango wa nyuma, penye ngazi za kuteremshia mizigo. Alinifuata.

"Uliona walivyosikiliza? Na wewe umesema mbele za watu, Kozue. Umesema kabisa, sauti inatoka."

"Bwana Kuroiwa alikuja jana."

Upepo ulikuwa unavuma kutoka bandarini. Baba alivua kofia kama mtu aliyeingia ndani ya nyumba. Alikaa kwenye ngazi.

"Yu mzima?" akauliza.

"Mzima. Kidole kimoja hakikunjiki."

"Alikasirika?"

"Sijui. Alisema ulikunja vizuri."

Baba aliitazama mikono yake. Malori yalikuwa yakirudi kinyumenyume na kengele zao.

"Kwa nini hukuniambia parachuti?" nikasema. "Ungeniambia parachuti, ningetengeneza parachuti. Ningeikunja kama ulivyokuwa ukiikunja. Ningekuuliza kitambaa kilikuwa na rangi gani, kilipoloweshwa na mvua kilikuwa na uzito gani. Ningekuuliza mpaka uchoke."

"Nani anataka kusikia habari za kuanika vitambaa?"

"Mimi."

Alipangusa vumbi kwenye kofia.

"Mama alisema ulifanya kwa ajili yangu."

Alifikiri. Ningependa angejibu haraka, hata kama ni uongo.

"Mwanzoni," akasema. "Mwanzoni, ndiyo." Akaizungusha kofia mikononi. "Baadaye nilikuwa nikitoka kazini naharakisha. Siku nzima nimesimama napungia magari fimbo, rudi nyuma, rudi nyuma, simama. Nikifika nyumbani mimi ni Kuroiwa. Wewe unaandika ninayosema kwa nyaya. Kitu kinakuwepo mezani, kinashikika. Basi na mimi nikaona nilikuwa pale."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake au kwa machozi yake. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nilihisi kama mtu ambaye mikono yake imeazimwa bila yeye kuombwa.

"Nenda ukaiondoe ile kadi," nikamwambia. "Sitaki uwaambie watu chochote. Iondoe tu, niandike nyingine."

"Sawa."

"Sasa hivi, baba."

"Sawa, mwanangu. Nimesikia."

Alivaa kofia, akaingia. Nilibaki kwenye ngazi kidogo, kisha nikarudi hadi mlangoni, nikasimama pale pazia lilipokutana na ukuta. Niliiona meza yetu. Baba alikuwa amefika. Kadi ilikuwa mkononi mwake, nikaona ameiingiza mfukoni mwa shati, nikadhani yamekwisha.

Kisha mwanamke mmoja na mumewe wakasimama mbele ya meza. Mwanamke aliitazama kofia, akauliza kitu. Baba alitazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Hakuniona. Akainama juu ya kioo, akanyoosha kidole. Sikusikia maneno lakini sikuyahitaji. Mdomo wake ulikuwa kwenye Februari.

Kwenye maonyesho yetu hakuna anayeondoa kazi yake kabla ya tangazo la kufunga. Ukifanya hivyo umeitukana klabu yako, na waliosafiri kutoka mbali watakuta meza ina pengo. Watu hungoja, tangazo linatoka, ukumbi mzima unapiga makofi, ndipo masanduku yanafunguliwa. Nilikuwa nalijua hilo vizuri. Nilitamani makofi hayo tangu msimu wa baridi.

Nilipita kati ya yule mwanamke na mumewe. Nikasema samahani. Nikaishika ndege pale panaposhikwa, chini ya mabawa, mbali na nyaya, nikaiinua kutoka juu ya kioo.

"Kozue," Bwana Osada akasema kwa sauti ya chini, "saa bado."

"Najua, mjomba."

Hakuniuliza tena. Alilivuta sanduku kutoka chini ya meza akanifungulia, na Bwana Nakagome akashikilia sifongo mpaka mkia ulipokaa. Baba alikuwa bado ameinama, kidole chake kikiwa juu ya kioo kitupu, na mwanamke yule alikuwa akimtazama kwa adabu, akingoja kisa kiishe.

"Ikawaje sasa, mzee?" mumewe akamwuliza.

Nilifunga kifuniko, nikalikumbatia sanduku kwa mikono miwili, nikaelekea mlango mkubwa wa mbele, ule wenye watu.